Anayeanzisha Hajiitikii

Kule Mbooni, ambako matuta ya shamba hukatwa kwa jembe na wimbo, kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna aliyethubutu kuivunja: anayeanzisha wimbo hajiitikii. Ukishaitupa sauti yako mbele, waachie wenzako waidake. Mwanamke anayeanzisha kisha akajiitikia mwenyewe, walisema, ama amerukwa na akili, ama hana watu duniani.

Kalunde alikuwa na akili zake timamu, na watu alikuwa nao tele. Mwethya wa upande ule wa mlima, yaani wale wanawake waliolimiana mashamba kwa zamu, ulimtegemea yeye kwa sauti. Na alikuwa na ujanja wake wa kutunga. Yeye alijifanya mpumbavu, na kiitikio kikamfunza adabu. Akiimba, "Leo tulale, jembe ni zito," wenzake walimrudi, "Aiee, njaa hailali." Akiimba, "Mume amenitukana, nirudi kwetu," walimrudi, "Aiee, yeye ndiye arudi kwao." Basi watu wakacheka, na majembe yakashuka pamoja. Aiee ni hapana ya Kikamba, na katika nyimbo za Kalunde hapana hiyo ndiyo iliyobeba maana yote. Mpita njia aliyesikia nusu tu ya wimbo angeweza kumdhania mwanamke mwovu kabisa, na wenyewe walilicheka jambo hilo wakipumzika.

Hiyo ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru, bendera bado mpya, na tayari vijana wa milimani walikuwa vitani. Vita vyenyewe vilikuwa kaskazini mashariki, na mashifta, waliotaka kuikata nchi ile iende kwa ndugu zao ng'ambo ya mpaka. Mutie, mtoto wa pekee wa Kalunde, alikuwa huko na bunduki ya serikali. Baba yake, marehemu Kilonzo, naye alikuwa amevaa sare enzi za Mzungu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Mkamba na jeshi, watu walipenda kusema, ni chanda na pete.

Kalunde hakuvipenda vita hivyo, na hakuficha. Shifta akitega bomu barabarani, alimlaani kama kila mtu. Lakini askari waliokuja likizo walisimulia na mambo mengine: wachungaji wasio na bunduki wanakusanywa, mifugo yao inachukuliwa, visima vinalindwa ili watu wasinywe. Hapo ndipo Kalunde alipokataa. Yeye hakuzaliwa Mbooni. Aliolewa hapo kutoka Endau, mashariki ya Kitui, pale Ukambani unapoishia na nyika ya wachungaji kuanza. Alipokuwa msichana mdogo njaa ilimaliza ng'ombe wote wa baba yake, na mwanamke mmoja wa wale wachungaji, ambaye hawakujuana naye lugha, aliwaletea maziwa ya ngamia asubuhi baada ya asubuhi mpaka mvua ikarudi. Maziwa yalikuwa na harufu ya moshi, kwa sababu chombo kilifukizwa kwa makaa. Mpaka uzee wake ule, Kalunde akinusa kibuyu kilichofukizwa, alimkumbuka mama yule ambaye hakupata hata kulijua jina lake.

Kwa hiyo siku Mutie alipokuwa akifunga kamba za viatu kurudi kambini, alimwambia jambo moja tu. Hakumwambia asiende, mtu hali kiapo akatapika. Alimwambia hivi: "Ukipigwa risasi, piga. Lakini usichukue mnyama wa mtoto, na usimwinulie bunduki mtu ambaye mikono yake haina kitu. Ukifika mahali hujui la kufanya, sikiliza sauti yangu." Mutie akacheka, akasema sauti ya mama yake inafika Garissa bila posta. Lakini aliitikia, na Kalunde alimjua mwanawe: akisema ndiyo, ni ndiyo.

Baada ya hapo hakuna mtu aliyewahangaikia askari kuliko yeye. Ndiye aliyeamua mwethya uanze na mashamba ya wake na mama za askari kabla ya mengine. Ndiye aliyekoboa mahindi ya muthokoi na kuyakausha, akachuja asali, akafunga vifurushi vilivyokwenda kaskazini na malori. Kanisani mchungaji alipoomba Mungu awalinde vijana, amina ya Kalunde ilitangulia za wengine. Alipoendelea akaomba Mungu awafagie maadui na kizazi chao, Kalunde alifunga mdomo. Wengine walimwona kigeugeu. Jirani yake Ndululu, ambaye mwanawe alirudishwa ndani ya sanduku baada ya lori lao kukanyaga bomu, alimwambia waziwazi kwamba ni rahisi kuwahurumia wachungaji kama wako bado anapumua. Kalunde alichukua jembe. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Alikwenda kumlimia Ndululu shamba lake, na Ndululu akamwacha alime, lakini hakumpa uji.

Sasa aingie Mwangangi. Huyu alikuwa mdogo wake Kilonzo. Mama yao alipokufa, Mwangangi alikuwa hajaota meno ya mbele, na Kalunde, bibi harusi mpya, ndiye aliyembeba mgongoni kabla hajapata wake wa kumzaa. Alimlea, akauza mbuzi akamsomesha, na sasa Mwangangi alikuwa mtu wa tai, mwenye kazi katika gari la habari, lile la kijivu lililozunguka vijijini na sinema na vipaza sauti. Siku za kawaida alimwita Kalunde shemeji. Siku za haja alimwita mwaitu, mama yangu.

Alishuka garini akisema mwaitu.

Alitaka wimbo. Redioni kulikuwa na kipindi cha salamu kwa askari, na wakubwa zake walitaka sauti za akina mama. Kalunde alimwuliza kwa nini asiende kwa wale wanaovipenda vita, hawakosekani. Mwangangi akasema kwamba sauti kama yake hakuna, na kwamba kule kambini kuna redio, na askari wote huizunguka jioni wakila. "Mutie atakusikia huko huko," alisema. "Fikiria, mwaitu. Sauti yako mwenyewe."

"Mimi siimbi kusifu bunduki."

"Nani amesema usifu bunduki? Imba vile unataka. Mimi kazi yangu ni kunasa tu." Na alipoona bado anasita, akaapa kwa kaburi la kaka yake.

Mwenye njaa ya mwanawe hashindwi kushawishika. Kalunde alikaa siku kadhaa akiutunga wimbo ule, akichagua maneno kama anayechambua kunde. Alitaka Mutie ayasikie yale yale aliyomwambia mlangoni, na wenzake wayasikie pia. Lakini hakutaka kuwahubiria askari. Akautunga kwa ujanja wake wa siku zote, yeye mpumbavu, kiitikio mwenye hekima.

Siku ya kunasa, mwethya wote ulikusanyika kwenye matuta ya Kalunde. Chifu naye alikuja, kwa kuwa palipo na gari la serikali chifu hakosi, akahutubia mpaka vivuli vikahama. Alipouliza kama akina mama wako pamoja na vijana wao, wanawake walipiga vigelegele, Kalunde akiwemo. Nani atanyamaza akiulizwa habari ya mwanawe? Mashine ilikuwa ikizunguka, na hakuna aliyeijali.

Kisha wakashika majembe, Kalunde akaanzisha.

"Chukueni ng'ombe wa yatima!"

"Aiee, yatima ni wetu pia!" wakamrudi wote, na Muthoki, rafiki yake wa miaka mingi, ambaye ndiye aliyeongoza kiitikio, akiwazidi wote.

"Zibeni kisima, wafe kwa kiu!"

"Aiee, maji ni ya Mungu!"

"Risasi haina macho, pigeni tu!"

"Aiee, macho ni yako wewe!"

Walipomaliza, Mwangangi akairudisha mashine nyuma, akawasikilizisha. Kalunde alikuwa hajawahi kujisikia. Alisimama na jembe lake, akaisikia sauti yake ikitoka kwenye sanduku, na baada yake ule ukuta wa sauti za wenzake, aiee, aiee, na machozi yakamtoka bila haya. Wimbo ulikuwa mzima, hakuna kilichopungua. Alimshika Mwangangi mkono kwa mikono yake miwili, akambariki.

Ulitoka redioni Jumapili moja, watu walipokuwa wametoka kanisani. Nzuki, mwenye duka pale soko la Kikima, aliitundika redio yake mlangoni na nusu ya soko ikasimama mbele yake. Mtangazaji alisema kwa Kikamba kwamba sasa mama mmoja wa Mbooni, ambaye mwanawe yuko mstari wa mbele, anawatia moyo vijana wetu. Kalunde alikuwa amejifunga leso yake nzuri, Muthoki upande huu, Ndululu upande ule.

"Chukueni ng'ombe wa yatima!" ikasema sauti yake.

Na baada yake vikaja vigelegele.

"Zibeni kisima, wafe kwa kiu!"

Vigelegele tena, vile vile, vya chifu.

"Risasi haina macho, pigeni tu!"

Vigelegele, ngoma kidogo ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi, kisha mtangazaji akashukuru na kutangaza bei ya mahindi.

Soko lilipiga makofi. Waliokuwa karibu walimpa Kalunde mkono. Wale ambao hawakuwa kwenye matuta siku ile walidhani ndivyo alivyoimba, na wale waliokuwepo walidhani, sijui walidhani nini. Walipiga makofi pamoja na wengine. Ndululu alimkumbatia, mara ya kwanza tangu amzike mwanawe, akamnong'oneza, "Sasa tumekuwa kitu kimoja. Nilijua utakuja kuelewa." Na Kalunde akashindwa kumsukuma mwanamke aliyefiwa, akasimama tu, mikono imening'inia.

Njiani kurudi ndipo alipopata sauti. Alimwuliza Muthoki kiitikio chao kimekwenda wapi. Muthoki aliendelea kutembea. Alisema redio ni ya wakubwa, na wakubwa huchukua wanachotaka. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba hata hivyo ni jambo kubwa mlima wao kutajwa. Kalunde akamtaka waende wote kwa chifu waseme kweli. Muthoki akasema wataona. Wiki ile chifu akauletea mwethya majembe mapya, zawadi kwa akina mama mashujaa, na baada ya majembe hayo hakuna aliyeona tena haja ya kwenda popote. Kalunde lake alilikataa. Likachukuliwa na mwingine.

Mwangangi alikuja na leso ya maua, na safari hii alimwita mwaitu tangu akiwa langoni. Kalunde hakumkaribisha kiti. Mwangangi akajikaribisha. Alieleza mambo kwa utaratibu, kama mtu anayeelezea jinsi ya kuchinja kuku: utepe wa mashine hukatwa kwa wembe, kipande kinatolewa, kingine kinagundishwa mahali pake, na sikio halijui kitu. Mkubwa wake aliupenda sana wimbo, ila alisema kiitikio kinasikika kama kilio, kinalegeza askari. Mkubwa hakuwa na habari kwamba bila kiitikio wimbo unageuka, yeye hajui Kikamba.

"Na wewe hujui Kikamba?" akauliza Kalunde.

Mwangangi alitazama leso. "Mwaitu, ile sauti ni yako ama si yako?"

"Ni yangu."

"Kuna neno hata moja nimeongeza?"

"Hakuna."

"Basi kosa langu ni gani? Nisingekata mimi, mwingine angekata, na mimi ningekuwa nimefutwa. Watoto wangu wangekula wimbo?"

"Umeukata ulimi wangu, Mwangangi," alisema Kalunde, "halafu ukauacha uendelee kusema."

Mwangangi aliahidi kwamba atasahihisha, kwamba ataupitisha wimbo mzima siku mkubwa akiwa likizo. Kalunde alimtazama akishuka mlima na tai yake, mtoto aliyemtafunia chakula, na hasira aliyokuwa nayo ilikuwa na aibu ndani yake, maana huyu hakuletwa na mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemlea. Kikulacho ki nguoni mwako. Leso aliirudisha kwa mke wa Mwangangi. Wimbo mzima haukupita, si siku ile wala siku nyingine.

Kilichomnyima Kalunde usingizi ni Mutie. Watu wote wa Ukambani wangemdhania lolote, potelea mbali, lakini Mutie alikuwa ameambiwa asikilize sauti ile. Alimtafuta askari mmoja wa Kilungu aliyekuwa likizo akikaribia kurudi, akamfuata mpaka kwao, akamsihi amwambie Mutie jambo moja: wimbo ulikuwa na majibu. Yule kijana aliahidi. Baadaye ikajulikana kwamba alipangiwa kambi nyingine kabisa, na kwamba ujumbe ulibaki naye.

Mutie alikuja wakati wa kuvuna mbaazi. Kalunde alimwona akipanda njia ya shamba na mfuko mgongoni, akaacha kikapu kikamwagika. Alikuwa amekonda na amekuwa mweusi zaidi, na alimsalimu mama yake kwa heshima zote, lakini hakumtania. Mutie wa zamani hakuweza kupita mlangoni bila kumtania. Kalunde alimwandalia muthokoi, akakaa kando yake nje, kivulini mwa ukuta, akamtazama akila polepole, kama mtu aliyeagizwa ale.

Alipomaliza, Mutie alifungua mfuko akatoa kitu, akakiweka kwenye mkeka kati yao. Ilikuwa kengele ya mti, pana, imechongwa vizuri, na ndimi mbili za mti ndani yake.

"Ni ya ngamia," alisema. "Nimekuletea. Wale watu wanachonga vizuri, karibu kama sisi."

Kalunde hakuigusa. Alimwuliza imetoka wapi.

Basi Mutie akasimulia, macho yako kwenye kengele. Miezi mingi alikuwa amelishika neno la mama yake. Wakienda kukusanya mifugo, yeye alijifanya mgonjwa, au aliomba kubaki jikoni, na sajini akajua, akamcheka mbele ya wote akimwita mtoto wa mama. Alivumilia. Kisha Jumapili moja wanakula mchana, redio ikasema mama mmoja wa Mbooni.

"Mara ya kwanza nilifikiri ni mtu mnafanana sauti," alisema. "Halafu ukasema risasi haina macho. Sajini akaniambia, unasikia? Hata mama yako. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikaa nikafikiria kwamba labda huku nyumbani kuna kitu mmejua ambacho mimi sijui. Labda walikuja wakaua watu hapa. Mwaitu hawezi kusema hivyo bure."

Kalunde alifungua mdomo, Mutie akainua mkono kidogo, akaomba amalize.

Kesho yake walikwenda kwenye kisima. Kulikuwa na watu wachache, wanawake na watoto, na mzee mmoja aliyeshika kamba ya ngamia wake wa mwisho. Wakamwambia aachie. Hakuachia. Hakuwa na kitu mkononi ila ile kamba.

"Sajini aliniangalia tu. Hakuniambia neno. Nilikuwa sijui la kufanya." Mutie akaigeuza kengele upande wa pili. "Kwa hivyo nikasikiliza sauti yako. Nikapiga."

"Ngamia?"

"Mzee. Ngamia tulimchukua."

Kuna maumivu ambayo hayana kilio. Kalunde alitamani ardhi ya matuta yale immeze, na wakati huo huo alitamani asimame apige mbio mpaka Endau, ampigie magoti yule mama wa maziwa, ambaye pengine alikwisha kufa zamani. Akaanza kusema. Alisema haraka, maneno yakipandana: kwamba wimbo ulikuwa na kiitikio, kwamba kila mstari ulijibiwa hapana, kwamba vigelegele vile vilikuwa vya chifu, kwamba walikata kwa wembe. Mutie alisikiliza kwa adabu, kama askari anavyomsikiliza mkubwa.

"Nani alikata?"

"Mwangangi."

"Baba mdogo?" Mutie alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Yeye ndiye amenileta leo na gari mpaka Kikima. Ameniambia siku uliposikia ule wimbo kwenye mashine ulilia kwa furaha. Ukamshika mkono ukambariki. Hukulia?"

"Nililia," alisema Kalunde. "Lakini—"

Hata hapo hakukuwa na neno moja la uongo. Mwangangi alikuwa amekata tena, kwenye kiti cha mbele cha gari, na safari hii hakuhitaji hata wembe.

Ndipo akawaona wenzake. Mwethya ulikuwa ukipanda njia kutoka matuta ya chini, majembe mapya mabegani, kuja kumsalimia mgeni. Mbele yao alikuwa chifu na kofia yake, amesikia kuna askari. Ndululu alikuwepo, na Muthoki alikuwepo. Kalunde alisimama, moyo ukamrudia. Hawa walikuwepo. Hawa ndio jibu lenyewe, na sauti zao.

"Mutie, subiri," alisema. "Usiniamini mimi. Wasikie hawa."

Hakungoja salamu. Aliwageukia pale pale njiani, akaitupa sauti yake kama siku ile, bila jembe, na ikavuka bonde kama kawaida yake.

"Chukueni ng'ombe wa yatima!"

Wanawake wakasimama. Chifu akatabasamu, akawageukia kuona watafanya nini. Muthoki alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Kalunde aliona kabisa, pumzi ilikuwa imevutwa. Kisha Muthoki alimtazama chifu, akamtazama Ndululu, ambaye leo uso wake ulikuwa umekunjuka kwa kumwona askari aliye hai, akautazama mpini wa jembe lake. Akafunga mdomo.

"Muthoki," alisema Kalunde. "Itikia."

Kuku alipita kati yao akidonoa mbaazi zilizomwagika. Mutie aliwatazama wanawake wale mmoja mmoja, akingoja. Alikuwa akingoja kwa kweli; mama yake aliliona hilo, akaona jinsi shingo yake ilivyonyooka, kama mtu aliyesikia kuna maji mbele. Wanawake wakatazama chini. Mmoja akacheka kwa haya. Basi mgongo wa Mutie ukalegea, na Kalunde akajua kwamba amekichukua kimya kile kuwa ndilo jibu.

Akajiitikia mwenyewe.

"Aiee," aliimba, na sauti haikutosha, kwa kuwa kiitikio kile kilitungwa kibebwe na wengi. "Aiee, yatima ni wetu pia."

Wanawake wakatazamana. Chifu akasema mama amezidiwa na furaha, apewe maji. Mutie akainuka, akamshika mama yake mabega yote mawili, kwa upole ambao Kalunde aliutambua. Ndio upole wa kumshikia mgonjwa asidondoke.

"Basi, mwaitu," alimwambia. "Usijisumbue kwa ajili yangu. Mimi sikulaumu."

Akampita, akaenda kumpa chifu mkono. Wanawake walimzunguka wakamshangilia, na kengele ilibaki kwenye mkeka. Kalunde akaanzisha mstari wa pili, akajiitikia, akaanzisha wa tatu.